Mguu wa Mpika Halua

Umeme ulikuwa umekatika, na gizani ikasikika ndara moja tu ikipiga sakafu ya ukumbi: pa, kimya, pa, kimya. Alikuwa Time, mtoto wa miaka sita, akiruka kwa mguu mmoja huku analia, maana mguu wa pili ulikuwa na mwiba. Kaka yake Faki akamcheka.

"Kilio chote hicho, kimwiba tu."

"Mwache alie," akasema bibi yao, Bi Mkasi, akipapasa kutafuta kibiriti. "Mguu usiolia huzikwa kwanza."

Faki akauliza maneno hayo yametoka wapi, na mguu huzikwaje peke yake. Bibi akawasha kibatari, akampakata Time, akachomoa sindano kwenye pindo la kanga. Akasema methali hii ilizaliwa nyumbani mwao, na ilianza hivi.

Baba yangu, Mzee Shaame, alikuwa mpika halua hapa Wete. Kazi ya halua ni kusimama. Unakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia mpaka wanga na shira ya sukari vishikane na samli ijitokeze juu, na huko chini kuni zinarusha makaa. Kaa likimwangukia mpishi mguuni, hupiga yowe. Baba naye alipiga yowe miaka mingi kama wenzake.

Halafu akaacha. Mwanzo alilalamika kuwa nyayo zinamwasha na kumchoma kama zimepakwa pilipili, kisha zikanyamaza. Siku moja akakanyaga kaa jekundu, akaendelea kukoroga.

"Nani anachoma nyama?" akauliza.

Wasaidizi wake wakacheka, wakadhani ni ubingwa wa kuzoea moto. Wakampa jina la Mguu wa Chuma, naye akalipenda. Wanunuzi wakija, alikanyaga kaa makusudi ili awaone wakishika midomo.

Mama yangu, Bi Mize, hakucheka. Zamani hospitali walikwisha kumwambia baba ana kisukari. Walimpa vidonge, wakamkataza kutembea pekupeku, wakamwambia aziangalie nyayo zake kila siku. Alifuata kwa muda, akaacha.

"Shaame, dawa," mama alikuwa akimwambia.

"Naumwa wapi? Nionyeshe, Mize."



Yakafuata macho. Yeye aliyejua halua imeiva kwa rangi, akaanza kutuuliza sisi: "Imekoza?" Tukafikiri ni uzee, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho.

Magharibi moja mama akasikia anaingia uani: pa, kimya, pa, kimya. Akadhani anachechemea. Hata kidogo, alikuwa anatembea sawasawa. Ndara ya pili ilimvuka mguuni njiani wala hakujua. Mama akauinua ule mguu auoshe vumbi. Chini ya kisigino palikuwa na shimo la kuingia kidole, kando yake nyama nyeusi, na ndani kichwa cha msumari.

"Mbona umenyamaza?" baba akamuuliza. "Pana nini?"

Hospitali, daktari alikaa kitandani pa baba kabla ya kusema.

"Mzee, ukiacha shira kwenye sufuria yako miaka bila kuiosha, sufuria itakuwaje?"

"Italiwa na kutu."

"Sukari ikizidi damuni, miaka kwa miaka, inaila mishipa vivyo hivyo. Ile myembamba huanza. Ya macho, ya figo, na ya fahamu, hii inayoleta habari kutoka miguuni. Mguu wako haukuwa wa chuma. Mleta habari alikwisha kufa."

Baba akauliza: "Mtaukata?"

"Leo hii. Tukichelewa, sumu itapanda."

"Na macho?"

"Yaliyopotea hayarudi, mzee. Tungeweza kuyalinda tu."

Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Ami yangu akaufunga ule mguu kwa kitambaa cheupe, akaubeba kama abebwavyo mtoto mchanga, tukauzika ubavuni mwa kaburi la bibi yangu. Tuliporudi, baba alitaka kujua tumeuweka wapi. Nikamwambia. Akageukia ukuta.

"Nilikuwa nikiusifu kwa kuwa haulii," akasema. "Mkasi, waambie wadogo zako. Mguu usiolia huzikwa kwanza."

Tukaanza vidonge upya, mama akimhesabia kiganjani, na sukari ikashuka kweli. Lakini figo zilikwisha kuliwa. Msimu wa karafuu uliofuata, baba alikuwa amevimba uso, na hakuweza kuona ni nani kati yetu anamlisha uji. Alikuwa akituuliza jina kabla ya kufungua mdomo. Tulipomzika hapo hapo, wachimbaji waliuchota mchanga kwa uangalifu wasije wakaugusa mguu uliotangulia.

Bi Mkasi akaushika mguu wa Time. Faki hakucheka tena. Aliinama akakisogeza kibatari karibu na unyayo wa dada yake, akakishika hapo.

"Basi ndiyo hiyo," akasema bibi. "Mguu usiolia huzikwa kwanza."

Akagusa pale penye mwiba kwa ncha ya sindano, polepole, akimtazama mtoto usoni.

"Unauma, Bibi," akasema Time.