Mafuta ya Kichwa cha Dama

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kwa nguvu kwa sababu koo zenu zimelowa. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji ambako hata kuitikia hadithi kulikuwa anasa. Jua liliwaka, likawaka, likawaka. Kisima kikabaki tope. Maji yakagawiwa kwa kata, kila mtu mzima kata moja asubuhi, na mgawaji alikuwa Ngowa, mwenye sauti kubwa na kata ndogo.

Kijijini humo alikuwapo mama kijana, Mbeyu, na binti yake mchanga, Dama. Joto lilimtoa Dama vipele kichwani. Vipele vikapasuka, vikawa vidonda, nzi wakaja. Mtoto akaacha kunyonya. Akipewa titi, analia. Akipewa tena, analia. Mwishowe hata kilio kikamwishia, akabaki kukoroma: hrr, hrr.

"Amerogwa," akasema huyu. "Maziwa yako yamekuwa machungu," akasema yule. Majibu tele, na mtoto hakuna aliyemtazama.

Mbeyu akaenda kwa Bibi Nyamvula, aliyekuwa akipika mafuta ya nywele ya kijiji kizima. Kizee akamtazama akinyonyesha. Hakutazama titi. Alitazama mkono.

"Mjukuu wangu, huyu hajakataa maziwa. Kila ukimpakata, kidonda kinalalia mkono wako. Anaumia. Tumpake mafuta, kichwa kipoe."

"Bibi, wanasema mafuta yako yanarefusha nywele. Eti yanarudisha na waume."

"Wanasema wao. Yangu yanapoza kichwa, basi. Mume atarudi kwa miguu yake."

Alikuwa na nazi moja tu, kuukuu, maji yake ya ndani yalishakauka. Akaikuna kwenye mbuzi: kwaru, kwaru, kwaru. Akachukua kibuyu chake, akamimina maji juu ya nazi, akakamua tui. Mbeyu aliyaona maji yale. Hakuuliza yametoka wapi. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe.

Tui likaingia chunguni na majani ya mwarobaini, mti pekee uliobaki kijani. Moto ukashika. Chungu kikaanza kusema: ta-ta-ta, ta-ta-ta.

"Bado, Bibi?"

"Bado kinasema. Yanayosema ni maji. Mafuta yakibaki na maji yatachacha, yatamwozesha kichwa. Kikinyamaza, yameiva."

Ta-ta-ta. Ta-ta-ta.

"Mwanangu anakufa, nawe unasikiliza chungu!"

Kizee akalamba midomo yake iliyopasuka. Ta... ta... Kimya.

Wakampaka. Dama akalala. Kulipokucha, akanyonya.

Lakini chungu kilikuwa kimesikika. Ngowa akasimama kisimani, akapaza sauti: "Sisi tunalamba tope, kizee anapika mafuta ya nywele! Ana akiba huyo!"

Wakamwendea.

"Bibi, maji ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Yako wapi?"

"Kichwani mwa mtoto."

"Haya, tufanye wajinga," akasema Ngowa.

Asubuhi akamruka kizee katika mgao. Asubuhi iliyofuata akamruka tena. Mbeyu alikuwa mstarini, Dama mgongoni. Alijiambia: huenda anayo kweli. Alijiambia: nikisema, wataniruka na mimi, na maziwa yatakauka. Akapokea kata yake, akainamisha kichwa, akaenda.

Ikafika siku mlango wa Bibi Nyamvula haukufunguka. Wakaingia. Ngowa alitangulia na mtungi mtupu mkononi, tayari kuchota akiba. Wakapindua vyungu. Wakafukua sakafu. Wakapasua hata mto. Akiba haikuwamo. Kulikuwa na kibuyu kikavu, na kifuu chenye mafuta kidogo, kimefunikwa jani, kimewekwa pahala mtu atakapokiona. Kizee alikuwa amelala juu ya jamvi, uso ukutani.

"Maji yale yalikuwa fungu lake," akasema Mbeyu. "Kata yake ya siku ile."

Ndipo aliposema.

Maji ya kumwosha maiti hayakuwapo. Mbeyu akachovya vidole katika kifuu, akampaka Bibi Nyamvula nywele zake nyeupe, polepole, unywele kwa unywele, wala hapakuwa na wa kumhimiza.

Mvua ilinyesha baadaye. Sitawadanganya kwamba kaburi liliota mti wa ajabu. Ilinyesha kwa sababu mvua hunyesha, tena kwa kuchelewa. Dama alikua, nywele tele. Mbeyu naye, kila alipoinjika tui la mafuta, alitoka nje asisikie chungu.

Na mpaka leo, kijijini humo nazi haikamuliwi kabla mkongwe wa nyumba hajapewa maji akanywa, watu wote wakimwona.

Mnataka funzo? Ukipewa na mtu aliyekauka, muulize yeye atabaki na nini. Na neno la kumtetea liseme angali anasikia.

Chungu kimenyamaza. Hadithi yangu nayo imenyamaza hapo.