Fisi Msanifu na Jengo la Vioo

Mwaka ule mvua iliitupa mkono mbuga ya Lunguza. Mito ikageuka njia za vumbi. Wanyama wakakubaliana wakusanye chakula chote kilichosalia, nyama kavu na majani makavu, mahali pamoja, kila mmoja apate kidogo kwa zamu. Basi likahitajika jengo: ghala chini, ofisi juu.

Bwana Simba hakuuliza habari za ghala. "Nataka ofisi ya kisasa," alisema. "Ndefu, ing'ae, apitaye mbali ajue nani amekaa humo."

Fisi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kujenga hata kibanda, alijitokeza na karatasi kwapani. "Mimi ni msanifu majengo, Mfalme. Ng'ambo ya milima wananijua."

Ng'ambo ya milima walimjua kweli, kwa wizi wa ngozi mbichi.

Alichora ghorofa juu ya ghorofa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ujia mmoja mwembamba wa upande wa uani, kutoka ghalani hadi chumba alichojitengea mwenyewe. Kila alipoutazama, mate yalidondoka karatasini.

Siku ya kuonyesha michoro, Sungura aliinama akaikagua. "Na ujia huu ni wa nini, Bwana Msanifu?"

"Wa kupitisha hewa," Fisi alijibu upesi.

"Vizuri." Sungura akamgeukia Simba. "Ila nashangaa, Mfalme. Jengo la kisasa, halafu kuta za mawe? Wenzetu siku hizi wanajenga kwa vioo, mpaka upande wa uani."

Simba alikwisha kujiona aking'aa. "Vioo," alisema. "Kila ukuta."

Fisi aliikunja michoro haraka. "Mfalme, si vyema kila mpita njia atuchungulie kazini."

"Basi viwe vioo vya giza," Sungura alisema kwa upole. "Aliye nje haoni ndani."

Jengo lilipokamilika, Fisi alikwenda uani mchana kweupe, akabandika pua kwenye kioo cha ujia. Akaona uso wake tu. Akacheka peke yake. Mjinga yule, aliwaza, kaniwekea pazia mwenyewe.

Siku ya uzinduzi, jua likizama, wote waliketi uani. Watoto wa Swala walijilaza ubavuni mwa mama yao, hawana nguvu hata za kulia. Simba alihutubia juu ya urefu wa jengo, kisha upana wake, kisha akarudia urefu. Harufu ya nyama kavu ikamfikia Fisi.

"Naangalia hewa," alimnong'oneza Sungura, akaingia.

Alibeba mapaja kutoka ghalani, lakini ndani ya ujia kulikuwa giza. Hakuweza kutambua paja lipi lina mafuta zaidi, akawasha taa.

Nje, Simba alikatiza hotuba. Giza lilikwisha kuingia uani, na ndani kuna mwanga. Kioo hakikuficha kitu tena. Fisi alionekana mzimamzima, paja moja mdomoni, jingine kwapani.

Mama Swala ndiye aliyeinuka kwanza. Wengine wakamfuata, wakasimama kwenye mlango wa chumba cha Fisi. Alitoka akijilamba, akakuta mbuga nzima inamngoja.

"Nilikuwa naonja kama imeharibika," alisema.

"Na tumbo lako litatupa jibu lini?" Mama Swala aliuliza.

Walimfukuza hadi nje ya mipaka ya Lunguza, kwa kwato na kwa meno. Simba akatangaza kwamba yeye alimshuku tangu mwanzo.  Wengine walikuwa wameshaanza kugawa chakula, na watoto wa Swala walikula kwanza.

Hata uijengee vioo vya giza, njia ya mwongo ni fupi.