Ute wa Konokono na Kiota cha Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa, na uji mmekunywa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Sogeeni. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na wewe unayemfinya mwenzio nakuona. Hadithi hii ni ya nyumba, na kila mmoja hapa analala chini ya paa, kwa hiyo asiwepo wa kusema haimhusu.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo ndege akisema konokono anajibu, palikuwa na bwawa. Kando ya bwawa palikuwa na mgunga, matawi yake yameinama juu ya maji. Kwenye mgunga ule waliishi minana, wale ndege wadogo wa manjano, mafundi wa kusuka. Waume ndio waliosuka viota. Wake ndio waliovikagua.

Walivikaguaje? Walivivuta. Ndiyo ilikuwa sheria ya minana tangu mababu. Mume akimaliza kusuka, mke anakuja, ananing'inia kwenye kiota kwa miguu yote miwili, anakivuta kwa uzito wake wote, na majirani wanamwimbia:

Kiota, kiota, shika nikuone,
Upepo u njiani, shika nikuone.

Kiota kikishika, mke anaingia, anataga. Kikichomoka, mume anashuka kutafuta ukindu mbichi, anaanza upya, fundo juu ya fundo. Hapakuwa na kununa. Aa, nadanganya. Kununa kulikuwepo, lakini kiota kilisukwa upya.

Basi, kati ya minana wale alikuwako mmoja, jina lake Tunu. Mumewe aliitwa Chande. Walipendana, jamani, walipendana mpaka majirani wakachoka kuwatazama. Mwaka wa arusi yao Chande alisuka kiota chake cha kwanza. Tunu akaja kukivuta. Akamwona mumewe amekaa pembeni, manyoya yamemsimama kwa wasiwasi, huruma ikamwingia. Atamwaibishaje mbele ya watu? Akakishika kiota kwa ncha ya mdomo, akakivuta kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi. Akasema, "Kimeshika, mume wangu. Kizuri."

Akataga yai moja. Masika yakaja, na tufani ikaja nayo. Vuuu. Vuuu. Fundo la juu likalegea. Kiota, fyu. Yai, chubwi, ndani ya maji.

Tunu alilia. Chande alilia. Na Tunu hakumwambia mtu hata mmoja jinsi alivyokivuta kile kiota. Alilala na jambo lile, akaamka nalo.

Mwaka ukageuka. Mawingu yakaanza kujikusanya tena, minana wakaanza kusuka. Chande naye akasuka, lakini hakuwa Chande yule. Akifunga fundo, analifungua. Jani likivuma, anaruka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ndipo akaja Konokono. Alianza kupanda mgunga asubuhi, akafika tawi la kwanza jua liko utosini, na njia nzima anatangaza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alijitembeza polepole, kila mtu akapata nafasi ya kumsikia.

"Ute, ute wa tufani," aliita. "Nyumba yangu hii mnaiona?"

"Tunaiona," wakasema minana.

"Mmewahi kuiona ikipeperushwa na upepo?"

Minana wakatazamana. "Hatujawahi."

"Mmewahi kusikia konokono kaamka hana paa?"

"Hatujasikia."

"Basi, siri ni ute huu. Paka kwenye tawi, bandika kiota, ulale usingizi."

Akapaka. Akabandika kiota kimoja kitupu. Akangoja kikauke, akasema, "Sasa kipepeeni. Nyote." Minana wakapiga mabawa, pu pu pu pu pu. Kiota hakikutikisika. Kilishika kweli, sisemi uongo. Jua lilikuwa kali siku ile, ute ulikauka ukang'aa vizuri sana.

Alikuwapo shangazi yao, Bi Mwanakheri, ambaye ndiye aliyewaongoza wake katika kuvuta. Akauliza, "Na mafundo je?"

"Mafundo ya nini tena, shangazi? Hayo ni mambo ya kale. Huo ukindu mbichi nipeni mimi niule, nipate nguvu ya kutoa ute. Sharti langu ni moja tu. Msivute. Ute huu una heshima zake. Ukiuvuta umeuvunjia heshima, na hapo mimi simo."

Mmesikia? Msivute. Bi Mwanakheri angeuliza zaidi, lakini miguu ilikuwa inamuuma siku hizo, na kuning'inia kiota baada ya kiota si kazi ya mchezo. Akaona ahueni. Akasema, "Haya wanangu, mwaka huu tupumzike."

Minana wakampa Konokono ukindu. Ule ule wa kufungia mafundo, wakampa. Konokono akala, mchu mchu mchu, akawapakia ute. Chande ndiye aliyetangulia mbele ya wote, na akaomba apakiwe mara mbili.

Kulipokucha akaenda kumwita mkewe. Tunu alikuwa mzito, yai linamsumbua, ni leo au kesho. Akakizunguka kiota. Kilipendeza. Akatazama juu, pale kiota kinapokutana na tawi. Akatafuta fundo, hakuliona.

"Chande, fundo liko wapi?"

"Halihitajiki. Nimepaka ute wa tufani."

"Basi nakivuta."

"Usikivute." Chande akasimama mbele yake. "Ukivuta utaharibika. Konokono amesema."

"Mimi na wepesi wangu huu nikivuta utaharibika. Tufani ikivuta je?"

Chande akageuka kukitazama kiota. Akainamisha kichwa, kisha akasema taratibu, "Tunu, huniamini?"

Hilo neno, jamani. Kati ya mke na mume kuna neno zito kuliko hilo? Tunu aliyaona tena yale manyoya yaliyosimama. Ingekuwa rahisi kusema kizuri, mume wangu. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Lakini yai likamgeuka tumboni, akakumbuka ile chubwi.

"Nakuamini," akasema. "Ila nina jambo nilikuficha. Mwaka jana sikukivuta kiota. Nilikigusa tu. Niliona nikikiangusha mbele ya majirani utaumia. Nilikuonea huruma wewe, yai letu likaenda na maji."

Chande alimtazama mkewe, macho yamemjaa maji. Kisha akasogea pembeni, akampisha.

Tunu akaning'inia kwa miguu miwili. Hapakuwa na wa kumwimbia, akajiimbia mwenyewe kwa sauti ndogo:

Kiota, kiota, shika nikuone,
Upepo u njiani, shika nikuone.

Akavuta. Fyu, kiota kikachomoka kizima kizima. Chubwi.

Majirani wakatoka. Maneno yakaanza. "Mke gani huyu, anamvunjia mumewe nyumba?" "Ana mkosi, mwaka jana yai, mwaka huu kiota." Chande aliruka akapotelea kwenye matete. Tunu akabaki peke yake kwenye tawi tupu, na yai lake tumboni, na mawingu juu ya kichwa. Alidhani mumewe ameondoka, hatarudi. Moyo ulimwuma sana.

Chande akarudi. Mdomoni ana ukindu mbichi, mrefu mpaka unaburuza kwenye maji. Akatua karibu na mkewe, akasema, "Nishikie huku nifunge."

Wakafanya kazi. Mke anashika, mume anafunga. Fundo juu ya fundo, fundo juu ya fundo. Kilipokamilika, Chande mwenyewe ndiye aliyesema, "Vuta. Usinihurumie." Tunu akavuta. Tawi likainama, kiota kikashika. Akavuta tena, kikashika. Akaingia ndani, akataga yai lake.

Haikupita siku, manyunyu yakaanza. Si mvua, manyunyu tu. Na ute, enyi wenzangu, ukikutana na maji unakumbuka kuwa nao ni maji. To, to, to. Tone moja likamdondokea Bi Mwanakheri mdomoni, akalionja. Likateleza. Akatazama juu kwenye viota vya wanawe, akaona vyote vinalia machozi ya ute.

Mama yule alijua amekosa. Hakujificha. Akaenda kwenye kiota chake mwenyewe, mbele ya watu, akaning'inia na miguu yake inayouma. Fyu. Chubwi.

"Hicho kilikuwa changu, mimi niliyewekwa niilinde sheria," akasema. "Nilichoka nikawaambia mpumzike. Tokeni nje, wanangu. Tuvute."

Wake wakatoka. Wakavuta, fyu, chubwi, fyu, chubwi, mpaka bwawa likajaa viota. Wachache walikuwa wameshataga, wamekumbatia mayai yao hawajui wayapeleke wapi. Ni wale wale waliosema Tunu ana mkosi. Tunu akatoa kichwa mlangoni, akasema, "Leteni huku. Tutabanana." Wakayaleta, wengine kwa aibu hawakuweza kumtazama. Waume wakaruka kutafuta ukindu. Wa karibu ulishaliwa na Konokono, wakaufuata ng'ambo ya bwawa. Chande alikwenda nao, safari baada ya safari, akiwabebea wenzake. Wakafunga, wakavutiwa, wakafunga tena, mpaka mbingu ikawa nyeusi.

Tufani ikafika. Vuuu. Vuuu. Mgunga ukainama ukagusa maji. Tunu alikuwa ndani juu ya mayai, la kwake na ya wenzake, mabawa ameyatandaza. Kila kiota kikizunguka alisubiri fyu. Fyu haikuja. Fundo lilishika.

Upepo ulipochoka, viota vilikuwa bado vinaning'inia. Kimoja tu kilianguka, cha bwana mmoja mjuaji aliyesema yeye hana haja ya kuvutiwa. Mwenyewe alikutwa tawini analoa, na mkewe hasemi naye.

Tunu akashuka ukingoni kunywa maji. Akasikia sauti kwenye matope, "Nisaidie, mwanangu." Akatazama. Ni Konokono, miguu juu, kama angekuwa na miguu. Nyumba yake imepinduka, imejaa tope.

"Bwana Konokono, si ulisema nyumba yako haipeperushwi?"

"Haijapeperushwa," akasema Konokono. "Imebingirika."

"Na ute?"

"Ute ni wa kutembelea tu. Nyumba hii sikuibandika, nimezaliwa nayo. Na tufani sijawahi kuiona. Masika yote huwa nimejifungia shimoni. Mwaka huu nilichelewa kwa sababu ya biashara."

"Sasa huo ute uliujaribu wapi?"

Konokono akavuta pembe zake ndani, akasema, "Juani. Siku isiyo na upepo."

Tunu angeweza kumwacha pale. Yupo ambaye angemwacha, na mimi nisingemlaumu. Lakini alimsukuma kwa mdomo, taratibu, mpaka akasimama wima. Akamwambia, "Nenda. Na huko uendako, waambie ulivyobingirika."

Mayai yakaanguliwa. Mgunga mzima ukawa kelele tupu. Kinda wa Tunu wakamwita Fundo. Akakua, akafika umri wa kusuka, akapata mchumba. Siku ya kukivuta kiota chake minana wote walikusanyika, Bi Mwanakheri mbele akiongoza wimbo. Bibi arusi akaja. Akamtazama Fundo, akayaona manyoya yake yamesimama kwa wasiwasi. Akakishika kiota kwa ncha ya mdomo.

Tunu akaruka, akatua karibu yake, akamnong'oneza sikioni, "Usikivute hivyo, mwanangu. Mimi nilikivuta hivyo. Kivute kama humpendi, ndiyo utakuwa umempenda."

Bibi arusi akaning'inia kwa miguu yote miwili.

Kilishika au kilichomoka? Hilo siwaambii, maana vyovyote vile wale wawili walilala salama.

Funzo lake hili hapa. Nyumba haisimamishwi na sifa za muuzaji, husimamishwa na fundo lililovutwa likashika. Mtu akikuuzia kitu akakwambia usikijaribu, mrudishie kitu chake. Na sheria ya kujenga ukiiona ni usumbufu, jua kwamba aliyeiweka aliwahi kuisikia ile chubwi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeamini kama imefungwa vizuri, na aivute.