Mji Ulioitwa Kufa-Hataki

Hadithi, hadithi!

*Njoo, tunakungoja!*

Nije na ukweli au nije na uongo?

*Njoo na vyote, tutachambua wenyewe!*

Haya, chambueni kama mchele, na atakayeuma jiwe asinililie.

Hapo kale, kale ya zamani, miji ilipokuwa inajipatia majina bila kungoja serikali, kulikuwa na kijiji kisicho na jina. Si kwamba jina lilipotea. Halikuwahi kuwapo. Waliokianzisha walikuwa ndugu wawili. Huyu alitaka kiitwe jina lake, na yule alitaka kiitwe jina lake. Wakatandikana fimbo mpaka wakafa wote wawili, kijiji kikabaki vivyo hivyo. Mtu wa huko akiulizwa, "Watoka wapi?" anajibu, "Kule." "Kule wapi?" "Kule kule."

Majirani walikuwa na majina yao, tena ya ajabu. Upande wa mawio kulikuwa na Mbuzi-Paani, ambako beberu alipanda juu ya nyumba siku ya harusi, akala nyasi za paa mpaka bibi harusi akaonekana akioga. Upande wa machweo kulikuwa na Mkwe-Karudi, ambako mkwe mmoja alikuja kusalimu. Akaagwa, akarudi. Akaagwa, akarudi. Mwisho wakamjengea. Na huko mbele kulikuwa na Mtumbwi-Bure, ambako watu walichonga mtumbwi mkubwa mwaka mzima, wakaumaliza, wakaupaka mafuta, ndipo wakakumbuka kwamba hawana mto.

Msicheke. Majina hayo yaliwapa maji.

Maana siku hizo mvua haikuwa inaanguka tu kama siku hizi. Mvua alikuwa bibi kizee, mkali, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alipita angani na kibuyu begani, akiuliza mji kwa mji:

"Hapa ni wapi? Maji yana wenyewe!"

Watu wanaita jina lao. Yeye anachungulia. Akiiona alama ya jina lile, anamimina. Asipoiona, anapita. Akifika Mbuzi-Paani anaona mbuzi juu ya paa, anamimina. Akifika Mtumbwi-Bure anaona mtumbwi umekaa mchangani kama mjinga, anamimina.

Akifika kwenye kile kijiji:

"Hapa ni wapi? Maji yana wenyewe!"

"Hapa ni hapa!"

"Hapa ni kila mahali," anasema Bi Mvua, huyo anakwenda zake.

Mwaka wa kwanza mtama ukakauka. Mwaka wa pili ng'ombe wakafa. Mwaka wa tatu kisima kikabaki na maji ya kuchota kwa kifuu, tena matope. Jumbe Mhando akawaita watu wote, akasema, "Tunahama."

Hapo ndipo anapoingia Bi Mashavu. Huyu Mashavu alikuwa mke wa Mzee Semboja, na alikuwa wa kwanza kufunga mzigo. Chungu ndani, kinu ndani, jembe juu, mkeka umezungushwa kamba. Akasimama mlangoni na mzigo kichwani. Mumewe akaita kutoka ndani:

"Mashavu, nakufa."

Mashavu akatua mzigo.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mtu akiwa anakufa haachwi nyuma, na wala habebwi njiani, maana roho yake ikitoka kati ya njia haitajua kwao ni wapi. Kwa hiyo kijiji kizima, na mizigo yao, na kiu yao, ilibidi kikae chini kumngoja Semboja afe.

"Kufa salama, mume wangu," akasema Mashavu. Hakulia. Alikuwa amemzoea Semboja kama mtu anavyozoea figa la jikoni: likimuunguza analitukana, na likiondoka chungu kinapinduka.

Chambuso mchimbaji akachimba kaburi. Ardhi ilikuwa ngumu kama kisigino, lakini akachimba. Wanaume wakaanza kulia. Wanawake wakatoa mchele wa msiba. Mchele huo kila nyumba iliuweka pembeni, na haukuguswa kwa njaa yoyote, ila mtu akifa. Na kwa vile njaa ilikuwa kali, walibandika sufuria kabla roho haijatoka.

Ubwabwa ukaiva. Harufu ikapita dirishani. Maiti akafungua jicho moja.

"Chumvi imekolea?" akauliza.

Akaketi. Akala. Akalamba vidole. Akasema anajisikia nafuu.

"Na kaburi je?" akauliza Chambuso, mikono imejaa malengelenge.

Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, hiyo nayo ni desturi. Asipozikwa mtu, huzikwa mgomba. Na katika nchi ile kavu mgomba ungeutoa wapi? Kaburi likabaki wazi.

Watu wakafunga mizigo tena. Mashavu akajitwisha. Semboja akaita:

"Mashavu, nakufa."

"Kufa salama, mume wangu. Kaburi lipo."

"Lile fupi. Miguu yangu itabaki nje, fisi wataichezea."

Chambuso akachimba la pili. Wanaume wakalia, wanawake wakapika, harufu ikapita dirishani.

"Chumvi imekolea?"

Akaketi. Akala. Akalamba vidole.

Watu wakafunga mizigo mara ya tatu. Hata kamba zilikuwa zimechoka.

"Mashavu, nakufa."

"Kufa, Semboja. Yapo mawili, chagua."

"La kwanza fupi. La pili liko njiani pa mbuzi, watanikanyaga usingizini."

Chambuso akachimba la tatu huku anatukana kimoyomoyo, kisha akatukana kwa sauti. Wanaume wakalia, na safari hii walilia kweli, maana mchele ulikuwa wa mwisho. Harufu ikapita dirishani.

"Chumvi..."

"Imekolea!" akasema Mashavu. "Toka nje ule, mwizi wewe! Watu watakufa kwa kiu wakikungoja wewe ufe! Kisima kimebaki matope. Ama ufe, ama uishi, lakini ufanye moja!"

"Usiniharakishe," akasema Semboja. "Kufa ni jambo la mtu mwenyewe."

Akatoka na sahani yake, akaenda kuketi ukingoni mwa kaburi la tatu, miguu inaning'inia ndani, anachokoa meno.

Na hapo hapo sauti ikasikika juu.

"Hapa ni wapi? Maji yana wenyewe!"

Bi Mvua huyo, na kibuyu chake. Kila mtu alijua kwamba akipita leo, mwakani hatakuta mtu wa kumwuliza.

Jumbe Mhando akarekebisha shuka lake, akatoa kifua. "Hapa ni Mji-wa-Mashujaa!"

Bi Mvua akachungulia. Bata mzee, mwenye kiu na hasira, akamchomokea Jumbe kutoka nyuma ya kinu. Jumbe akapanda juu ya mzigo wa watu.

"Shujaa ninayemwona ni bata tu," akasema Bi Mvua, akapiga hatua moja.

Jumbe akapiga kelele kutoka juu ya mzigo, "Nimekosea! Hapa ni Neema-Tele!"

"Kama mna neema tele, kibuyu changu mnakitakia nini?" akasema Bi Mvua, akapiga hatua ya pili.

Jumbe akakuna kichwa. Mguu mrefu wa Bi Mvua ulikuwa umeshanyanyuka kwa hatua ya tatu.

Mashavu akatazama huku na huku. Akaona mavumbi. Mavumbi yapo kila mahali. Akaona miiba. Miiba ipo kila mahali. Akamwona mumewe ameketi kaburini anachokoa meno. Akajiuliza, je, hiki nacho kipo kwingine?

"Bi Mkubwa, ngoja!" akapaza sauti. "Hapa ni Kufa-Hataki!"

Mguu ukabaki hewani. Bi Mvua akachungulia. Akaona makaburi matatu yamepangwa, yako wazi, hayana watu. Akaona mzee na sahani.

"Nani huyo hataki kufa?"

"Mume wangu."

"Haki ya nani," akasema Bi Mvua, "nimetembea juu ya dunia nzima, sijaona kitu kama hiki." Akashika kizibo cha kibuyu.

Semboja akaruka juu. "Mashavu! Jina gani hilo? Wajukuu wa wajukuu wanicheke? Watu wa Mkwe-Karudi wanitambie mimi?"

"Walishaanza," akasema Mashavu.

"Basi nakufa sasa hivi! Nakufa, jina lenu liwe la uongo, nyote mkauke kama dagaa!"

Hapo mngewaona watu! Wale wale waliomwomba afe wakamwangukia aishi. Jumbe Mhando akapiga magoti. "Mzee wetu, usife! Tuliharakisha nini?" Chambuso akamshika mguu. "Baba, usife, mimi sichimbi tena!" Wanawake wakapiga vigelegele kumtia moyo wa kuishi.

Mashavu peke yake hakumwomba. Alikuwa ameishi na mtu yule, alimjua.

Semboja akaingia kaburi la tatu. Akalala. Akakunja mikono kifuani, akafumba macho, akanyoosha vidole vya miguu. Kimya.

Bi Mvua akachungulia. "Nawaona mna makaburi. Namwona maiti. Maiti amekufa. Jina la uongo. Kwaherini."

"Bi Mkubwa," akasema Mashavu, "hata maskini wa mwisho huoshwa kabla ya kuzikwa. Sisi hatuna tone. Utatuacha tumfukie mchafu, na wewe una kibuyu kizima begani?"

Bi Mvua akaona haya. Mwenye maji hawezi kuwanyima wafiwa maji ya kumwosha maiti wao.

"Lakini mimi ni mwanamke," akasema. "Nitamwoshaje mwanamume?"

"Kwa umri wako, Bi Mkubwa, huyo ni kichanga."

"Hayo kweli," akasema Bi Mvua, akafungua kizibo. "Maiti huoshwa mara tatu."

Akamimina mara ya kwanza. Maji yakafika masikioni. Semboja kimya. Watu wakashika vichwa.

Akamimina mara ya pili. Maji yakafika kidevuni. Semboja kimya, ila mdomo ulikuwa unatetemeka. Jumbe akaanza kulia kweli kweli.

"Mimina, Bi Mkubwa," akasema Mashavu. "Alikuwa mtu wa kupenda usafi." Hapo alisema uongo, Mungu amsamehe.

Akamimina mara ya tatu. Maji yakapita midomo. Yakafika puani.

Semboja akachomoka kaburini kama kambare! Maji yanamtoka puani, yanamtoka masikioni, anakohoa, anapiga chafya, anarusha mikono.

"Mnataka kuniua?"

Kijiji kizima kikaitika kwa sauti moja, "Hataki kufa!"

Bi Mvua akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, na alivyoshika mbavu akaachia kibuyu. Kibuyu kikapinduka. Mvua iliyonyesha siku ile, mimi sina la kuifananisha. Kisima kikajaa. Makaburi yote matatu yakajaa, yakawa mabwawa, na mbuzi wakanywa. Mizigo ikafunguliwa. Mashavu akatoa jembe, akalitia mpini, akaenda shambani, akamwacha mumewe anakauka.

Tangu siku ile mahali pale panaitwa Kufa-Hataki.

Mnadhani Semboja alistarehe? Hakustarehe. Jina lilikuwa la kweli maadamu yeye yuko hai, kwa hiyo hakuruhusiwa hata usingizi wa mchana. Akifumba jicho, wanamfinya. Akikohoa, Jumbe mwenyewe anakuja mbio na bakuli la uji. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Akisema ameshiba, wanamwambia, "Mzee wetu, usitutishe." Na kila mwaka Bi Mvua akiuliza, "Hapa ni wapi?" Mashavu anamsukuma nje aonekane, naye anasimama uwanjani, tumbo mbele, uso umekunjamana, mji mzima unampigia makofi kwa kuwa anapumua.

Nasikia huko nyuma mtu ananong'ona, "Kwani hatimaye hakufa?" Mimi nakuuliza wewe: kule Kufa-Hataki mvua inanyesha au hainyeshi? Inanyesha. Basi usiulize tena, na hasa usimwulize Mashavu kwa nini siku ya mvua huwa anamshika mumewe shingo kwa nyuma asianguke.

Funzo ni hili, wala si refu. Msitafute jina la kwenu katika yale mnayojivunia, maana kila mtu anajivunia hayo hayo. Litafuteni katika lile mnalolionea aibu, hilo ndilo lenu peke yenu.

Hadithi imefika, imevua viatu, imeketi. Iliyompendeza aende nayo kwake. Isiyompendeza aiache hapa, kesho nitafagia.

Na wewe uliyeanza kukoroma nilipofika kaburi la kwanza, amka uende zako, kabla hatujabandika sufuria.