Gunzi Lililopita Kwenye Foki

Hapo zamani, na siyo zamani ile ya mababu, ni zamani ya juzi tu, lami ilipokuwa inakuja upande wetu ikaishiwa pumzi katikati ya njia, alikuwako mtu mmoja kijijini Mwanhembo akiitwa Maduhu. Wenzake walijaliwa ng'ombe. Yeye alijaliwa mdomo, na aliulisha vizuri kuliko wao walivyolisha ng'ombe. Akipalilia mstari mmoja wa pamba, anasimulia ekari. Akiua panya asubuhi, ukimsikia mchana ni fisi, na fisi mwenyewe alikuwa na mimba.

Mkewe, Holo, alivumilia miaka kumi na mmoja. Mwaka wa kumi na mbili Maduhu akawaambia wageni kuwa nyumba ile aliijenga peke yake, kwa mikono hii mnayoiona, kumbe matofali yote alikuwa ameyafyatua Holo. Holo aliinuka. Alikunja kanga zake, akaenda kwa mama yake.

Maduhu akafuata. Mama mkwe, kwa heshima ya ukwe, hakumtazama usoni. Akaongea na sufuria yake.

"Sufuria, mwambie huyo bwana hivi. Siku atakapokuletea kitu alichokistahili, alichokipata si kwa mdomo, ndipo mke wake atatoka humu ndani. Hata kiwe kidogo. Mimi nitakuwa nimeshakuinjika."

Maduhu naye akamgeukia kuku aliyekuwa anapita. "Kuku, mwambie mama kwamba amesikika."

Akarudi nyumbani, akalala na njaa wiki nzima, maana kupika hakujua, ingawa alikuwa anasimulia kwamba anajua.

Sasa, huko kwao, kila mwaka mahindi yanapoanza kuchomwa, vijiji saba hushindana kwa baiskeli. Zawadi ni dume la ng'ombe. Nyama huliwa na kijiji kizima, lakini nundu haigawanywi. Nundu inakwenda nzima, na mafuta yake, kwa mtu mmoja aliyeleta ushindi. Ukiikata vipande viwili umeitukana, na mwakani hamshindi. Ndiyo desturi, msiniulize aliyeianzisha.

Mwanhembo haikuwahi kushinda. Njia yenyewe ilikuwa na hila: nusu lami, kisha kokoto, na mwishoni mbuga, ule udongo mweusi unaokung'ang'ania mguu kama shangazi asiyetaka uondoke kabla ya ugali. Wenye baiskeli nzito walipotelea kwenye lami. Wenye baiskeli nyepesi walikwama mbugani.

Mwaka huo mwenyekiti, Mzee Lubango, akaitisha mkutano. "Tununue baiskeli moja ya kijiji. Iwe ya mbio, wasituache kwenye lami. Na iwe ya chuma, ikivunjika mchomeleaji wetu aiunge. Hizi za bati jepesi zikivunjika unachimba kaburi."

Wakatumwa wawili mnadani, kwenye mitumba. Fundi Gamaya, kwa sababu alijua baiskeli. Na Maduhu, kwa sababu muuzaji akiongea sana apatikane wa kumjibu.

Mnadani wakakuta mbili za chuma, zote zina usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Moja nyekundu, inang'aa, tairi limekaa karibu na fremu kama limeshonewa. Nyingine ya kijani iliyochujuka, imekaa pale misimu miwili ya mvua, na kati ya tairi na foki, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu, kuna mwanya mkubwa kama pengo la babu.

Gamaya akaigonga nyekundu kwa kidole, ngo, ngo. "Chuma safi. Tunaondoka na hii."

Maduhu alikuwa anatafuna hindi la kuchoma. Alipolimaliza akataka kuibonyeza siti, mkono hauna nafasi. Akalichomeka gunzi pale juu ya tairi, chini ya foki ya ile nyekundu. Likakataa. Akahamia kwa ya kijani. Akalisukuma, gunzi likapenya, likatokea upande wa pili, likaanguka chini, pu.

Muuzaji alikuwa amechoka kuifuta vumbi ile ya kijani. Akapiga makofi. "Naam! Mzee anajua kupima! Wengi wanatazama rangi, huyu anatazama mwanya!"

Na Maduhu hakuwahi kuacha sifa ianguke chini. "Kwetu ndivyo tunavyopima," akasema, akaunganisha mikono mgongoni. "Gunzi likipita, na tope litapita. Gunzi likikataa, na wewe utakataliwa na barabara."

"Maduhu, umekula hindi tu hapa," fundi akanong'ona.

"Fundi, usinivunjie heshima mbele za watu."

Watu wakajaa. Maduhu akaona hawezi kurudi nyuma tena, maana ameshasema. Akaitetea ile ya kijani kama anamtetea mwanawe mahakamani. Akapiga kelele, akaapa, akakaa chini akalikumbatia gurudumu. Gamaya akaona aibu, akasema, "Haya, chukua, twende."

Wakaja nayo. Gamaya akaitazama siku mbili kwa hasira. Siku ya tatu hasira ikamwisha, akainama, akapitisha vidole kwenye ule mwanya. "Hee," akasema peke yake. "Hapa linaingia tairi pana." Akatembea kwa miguu vijiji vitatu akitafuta tairi pana zenye meno, zenye kimo sawasawa na rimu ile. Akazipata, akazivisha, akazijaza upepo, zikazunguka bila kugusa popote.

Mpanda baiskeli alikuwa Nkwimba, dada muuza maziwa, aliyekuwa akibeba madumu mawili kila asubuhi na kuwapita wanaume wasio na mzigo. Alipoziona akashika kiuno.

"Fundi, ndiyo nini hii? Umenivisha gambuti? Kwenye lami nitaburuza kama trekta! Nirudishie zile nyembamba."

"Zimepotea."

"Zimepoteaje tairi mbili?"

Hazikupotea. Gamaya alikuwa amezificha chini ya kuku anayeatamia, na kuku yule alikuwa na roho mbaya kuliko mbwa. Nkwimba alitafuta kila mahali isipokuwa pale.

Siku ya mbio ikafika. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha haswa. Kwenye lami wakamwacha Nkwimba, akawa wa saba, anamtukana fundi kwa kila pedeli. Kwenye kokoto wenzake wakaanza kurukaruka na kupata pancha, akawa wa tano. Wakaingia mbugani. Eh! Tope likajaa kwenye zile foki zenye mwanya mwembamba, likashindiliwa, magurudumu yakasimama kama yamefungwa kamba. Wanaume wazima wakazitwika baiskeli mabegani.

Nkwimba akapita katikati yao, tope linaingia mbele na kutokea nyuma. "Poleni kaka zangu! Leo nani kapanda nani?"

Akafika wa kwanza, na wa pili akaonekana wakati yeye ameshakunywa uji.

Dume likachinjwa Mwanhembo. Mwenyekiti akaiweka nundu kwenye ungo, nundu imenona, inatikisika. "Ya nani?" akauliza.

Nkwimba akasimama. "Miguu ni yangu. Tope nimelimeza mimi. Baiskeli ikiachwa peke yake, na tairi zake za gambuti, itafika wapi? Nundu ni yangu."

Gamaya akasimama. "Miguu yako ilitaka tairi nyembamba. Ningekusikiliza, leo ungekuja umeibeba baiskeli. Nimetembea vijiji vitatu, nimedonolewa na kuku, tazameni mkono huu! Nundu ni yangu."

"Lakini wewe fundi ulitaka ile nyekundu," Nkwimba akamrudishia. "Kwenye nyekundu hizo tairi zako ungezivisha wapi? Shingoni?"

Watu wakacheka. Ndipo Maduhu akasimama, amesafisha koo, hotuba iko tayari tangu asubuhi. "Ndugu zangu, mimi nilipopima kwa gunzi..."

Macho yake yakavuka vichwa vya watu. Nyuma ya watu alikuwa amefika mama mkwe, sufuria kichwani. Nyuma yake Holo, mikono kifuani. Mama mkwe akapanga mafiga matatu bila haraka, akawasha moto, akainjika maji.

Gamaya akaona nafasi. "Alikuwa anakula hindi! Hakupima chochote! Alikosa pa kuweka gunzi!"

Maduhu akaitazama sufuria. "Ni kweli," akasema, na sauti ilikuwa ngeni hata kwake. "Nilikuwa nakula. Gunzi lilipita lenyewe. Muuzaji akanisifu, nami nikaona haya kusema sijui. Tope silijui, mwanya siujui. Lakini niliishika ile baiskeli nikakataa kuiachia, na nisingeishika ingebaki mnadani. Na nyumba yangu, matofali yake alifyatua Holo. Basi."

 Halafu mzee mmoja akaropoka, "Mwongo huyo! Alipima! Anajifanya mnyenyekevu apewe nundu!" Na nusu ya kijiji ikaitikia, "Alipima! Alipima!" Maduhu akaapa kwamba hakupima. Wakazidi kukataa. Miaka yote alidanganya akaaminiwa nusunusu. Siku ya kusema kweli, akakosa hata hiyo nusu.

Holo akaziba mdomo kwa kanga. Kama analia, kama anacheka, aliyekuwa karibu hakutuambia.

Mama mkwe akakoroga maji matupu. "Sufuria," akasema, "leo nimesikia kitu ambacho sijakisikia tangu niozeshe. Ila nilisema si kwa mdomo, na kweli nayo imetokea mdomoni. Sasa mimi nifanyeje? Maji yamechemka. Mwenyekiti, amua."

Mwenyekiti akamtazama aliyepanda, aliyetaka tairi nyembamba. Akamtazama aliyevisha tairi, aliyetaka baiskeli nyekundu. Akamtazama aliyechagua baiskeli iliyoshinda, aliyekuwa anatafuta tu pa kuweka gunzi. Amesimama hapo hadi leo, ungo mikononi, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na kisu hakiruhusiwi.

Haya, ninyi mnaomeza mate hapo, semeni upesi, maji ya mama mkwe yanakauka: nundu ile, nani aliistahili?