Kimo cha Watumishi wa Tumbawe

Hapo zamani, enzi masultani walipokuwa na nafasi nyingi kuliko kazi, palikuwa na Sultani Hamduni wa Tumbawe, mwenye watumishi ishirini wa kila umbo. Ngwali alikuwa mrefu hata akiwasha taa za dari bila ngazi. Mize alikuwa mfupi kuliko wote, naye ndiye aliyeingia mzima mzima ndani ya masufuria ya pilau akayasugua yakang'aa. Mumewe aliitwa Faki, msuka mikeka hohehahe, na kwao chungu kilipanda mekoni kwa ujira wa Mize tu.

Basi siku moja akaja mgeni, mfalme wa nchi jirani, akajigamba kuwa watumishi wake wote ni kimo kimoja, wakisimama mstari hutamani kuondoa macho. Wivu ukamkaba Sultani. Kesho yake akaamuru kwamba mgeni akirudi Ijumaa, watumishi wa Tumbawe nao wawe kimo kimoja, na asiyelingana atoke. Mize akarudi nyumbani analia, maana hata angesimama kwa ncha za vidole, yeye ndiye wa kwanza kutolewa. Faki akasikiliza, akaingiwa na uchungu, kisha akaangua kicheko. Ajabu gani hii, mke analia mume anacheka! Mize nusura amrushie mwiko.

Faki akaenda barazani, akainama.

"Maulana, nipe siku tatu, nitawalinganisha wote pasi na kumtoa hata mmoja."

"Na ukishindwa?"

"Tufukuze mjini, mimi na mke wangu."

Akaomba waraka tu, kwamba asionekane mtumishi aliyezidi wala kupungua kimo, awe amesimama au yu kazini, mpaka Sultani mwenyewe aifute amri. Sultani akapiga muhuri kwa furaha, wala hakuusoma mara mbili.

Ikawa Ijumaa. Sultani na mgeni wakatoka uani, wakakuta vichwa ishirini vimelingana kama vikombe kwenye sinia. Mize alisimama juu ya ardhi, naye ndiye kipimo. Wengine kumi na tisa kila mmoja alikuwa ndani ya shimo lake, na Ngwali amezama hadi kifuani. Sultani akafurahi kupita kiasi, akapiga makofi kuitisha kahawa.

Hakuinuka mtu. Akapiga tena. Mpika kahawa akajibu kwa adabu kuwa yu tayari, ila akitoka shimoni atamzidi Mize, na muhuri ni muhuri. Wakati huo pilau ikaanza kunuka moshi. Akatumwa Mize, naye akaenda mbio, lakini sufuria huteguliwa na wanaume wawili, na sahani ziko rafu ya juu anayofikia Ngwali peke yake. Akarudi na alichokifikia, kibakuli cha chumvi, akamwandalia mgeni. Tumbo la mgeni likanguruma ua mzima ukasikia.

Sultani akageuka kwa hasira, na hapo akaona shimo la ishirini, tupu, karibu kabisa na kiti chake.

"Na hili la nani?"

"Lako, Maulana," akasema Faki. "Kila Ijumaa khatibu hutuambia wewe ndiwe mtumishi wa raia. Nikaogopa kuuvunja waraka wako."

Mgeni akaanza kucheka, akacheka hata akashika mbavu, na Sultani, aliyekwisha kuona haya, akacheka naye mpaka kilemba kikamdondoka. Akauchana waraka palepale, na kwa ruhusa yake Faki akamtajia karani maneno ya waraka mpya: mtu aajiriwe kwa kazi aiwezayo, wala asipimwe umbo. Mize akafanywa msimamizi wa watumishi, na tangu siku ile kila aliyekuja kuomba kazi, awe mrefu, mfupi, kiwete au mgeni wa mji, aliulizwa jambo moja tu, kwamba anaweza nini.

Ama lile shimo la karibu na kiti, Sultani alilifukia mwenyewe, kwa mikono yake, wala hakungoja mtumishi.