Nafasi Moja Katika Darasa la Pumzi

Hapo zamani, si zamani sana maana hospitali zilikuwa zimeshajengwa, palikuwa na darasa la pumzi huko milimani kwenye baridi. Wenye mapafu yaliyochakaa kwa moshi walifanyishwa mazoezi na Bi Roida. Kila baada ya muda aliwapima: tembea ukumbini kwa dakika sita, tuone umefika wapi. Aliyeongeza mwendo aliendelea. Asiyeongeza alimpisha mwingine, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi.

Ikabaki nafasi moja. Bi Roida, kwa haraka zake, akawapima wawili pamoja: mzee Ambakisye, aliyechoma matofali maisha yake yote, na jirani yake Lutufyo, mdogo wake kwa umri. Ambakisye akatangulia. Lutufyo akamfuata hatua kwa hatua, hakumpita. Kipimo cha mzee kikapanda, cha Lutufyo kikabaki palepale.

"Pole, Lutufyo. Utampisha mwenzako," akasema Bi Roida.

"Mama, pumzi ninayo. Ila mtu hampiti mkubwa wake kama anampita mbuzi. Na mzee aliposikia viatu vyangu nyuma ndipo alipokazana."

Ambakisye akakasirika. "Nimetembea kwa mapafu yangu, si kwa viatu vyako. Nikiacha mazoezi sasa, nitarudi kulala nimekaa kwa kukosa pumzi."

Mkewe Tusekile, aliyemsindikiza kila mara na kumngoja kwenye benchi, akainuka, akamgeukia mumewe. "Baba Gwakisa, nani alihamishia jiko nje ili wewe upate nafuu? Moshi uliokuumiza nami niliuvuta, na kukohoa nakohoa. Mbona mimi sijapimwa?"

Najua mtasema wapimwe upya, mmoja mmoja. Walipimwa. Lutufyo akawaacha wote mbali. Ambakisye, bila mtu nyuma yake, akarudi kwenye kipimo chake cha zamani. Tusekile hakufika hata mwisho wa ukumbi. Alishika ukuta, akakaa chini, na Bi Roida akaona haya, maana alimwona kwenye benchi lile siku zote na hakumuuliza kitu.

Basi nafasi ni ileile moja. Lutufyo ametimiza sharti. Ambakisye akiachwa atazidiwa. Tusekile ndiye mgonjwa kuliko wote, na hajawahi kufundishwa hata siku moja.

Nyinyi mnaovuta hewa bila kuifikiria, mngekuwa Bi Roida, je, mngempa nani?